Kulala chomboni usiku mmoja: je, kuna faida?

Shule ninayofundisha iko karibu na mpaka kiasi kwamba honi za malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda husikika hadi darasani. Katika chumba cha walimu, kwa muda wa wiki tatu sasa, tumekuwa na mjadala ambao haujapata mshindi. Mwalimu mmoja kijana, aliyejiunga nasi mwaka huu, alirejea kutoka Lamu na picha nyingi na furaha tele. Alikuwa amelipia kulala usiku mmoja juu ya jahazi, chini ya nyota, na akapendekeza kwamba wanafunzi wetu wa jiografia na historia wapelekwe huko nao wakauonje usiku wa namna hiyo. Wengine walimuunga mkono papo hapo. Wengine walicheka. Mwalimu mkuu, kama ilivyo desturi ya wakuu, alisema jambo hilo litazamwe kwa makini, kisha akanigeukia mimi.

Alinigeukia kwa sababu anajua kwamba nimewahi kulala chomboni mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza nililipa pesa. Mara ya pili sikulipa hata ndururu, na huo ndio usiku ambao bado ninaudaiwa. Naomba wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, wanivumilie nisimulie yote mawili, maana sioni namna nyingine ya kulijibu swali hili kwa haki.

Nianze na Lamu. Mwaka 2007 nilialikwa harusini na rafiki niliyesoma naye chuoni. Anayetoka Busia kwenda huko na ajiandae: basi la usiku hadi Nairobi, basi jingine hadi Mombasa, na la tatu hadi Mokowe, ambapo barabara humalizikia majini na abiria hupanda mashua kuvuka kisiwani. Nilifika nikiwa nimechoka kama aliyetembea kwa miguu. Baada ya harusi, sisi wageni sita tukachanga pesa, tukakodi jahazi la kutuzungusha na kutulaza baharini usiku mmoja.

Sitakuwa mnafiki: ulikuwa usiku mzuri. Tulipita kwenye mlango wa maji baina ya mikoko kuelekea Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda ambayo chombo hakiyafikii ila maji yanapojaa. Tukala wali wa nazi na samaki wa kuchoma. Mwezi ulikuwa mpevu, nao haukuwa hivyo kwa bahati, kwani tuliambiwa kuwa wageni hupenda kuja katika siku kama hizo. Tukatandikiwa magodoro sitahani, tanga likafungwa juu yetu likawa kama paa, nasi tukalala tukisikiliza maji yakigonga ubavu wa chombo. Kama swali ni iwapo nilipumzika, jibu ni kwamba nilipumzika. Kama swali ni iwapo nilijifunza, basi hadi saa tisa za usiku sikuwa nimejifunza chochote ambacho nisingekipata kwa kutazama kalenda ya ukutani.

Saa tisa nikaamka kwa baridi. Nikamkuta nahodha ameketi shetrini, macho makavu, akiiangalia kamba ya nanga. Nikamuuliza kwa nini halali. Akanijibu, kwa ile adabu ya watu wa Lamu, kwamba mgeni akilala chomboni ni lazima mwenyewe akeshe. Tukazungumza hadi alfajiri. Akanieleza kwamba chombo kile hakikuundwa kwa ajili ya magodoro. Kiliundwa kubeba boriti za mikoko, zile ambazo kwa miaka mingi zilisafirishwa hadi Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kuezekea nyumba, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwanzoni mwa miaka ya 1980. Babake alikuwa akizingoja pepo mbili kama mkulima angojavyo mvua: kaskazi iwalete wageni kutoka Arabuni, kusi iwarudishe. Yeye mwenyewe alibeba boriti, kisha mawe na mchanga wa kujengea, na sasa alikuwa akibeba watu kama mimi. Nilimuuliza ipi ni bora. Akacheka, akasema kwamba watu hawaharibu mbao kwa uzito, ila hutaka chai mapema.

Saa mbili zile za mazungumzo ndizo zilizonirudishia pesa zangu. Wenzangu watano walikuwa wamelala fofofo, na hadi leo hukumbuka mwezi tu.

Baadaye nilipata kusoma kwamba jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Kule Kerala, kusini mwa Bara Hindi, kuna vyombo viitwavyo kettuvallam, yaani mashua iliyofungwa, kwa kuwa mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari. Vilikuwa vyombo vya kubeba mpunga na viungo kwenye mito na maziwa ya huko. Barabara na malori yalipovinyang'anya mizigo, wenyewe hawakuviacha vioze. Tangu miaka ya 1990 vimeezekwa vyumba, vitanda na vyoo, na leo vinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa watalii kutoka dunia nzima. Vimeongezeka hata ziwa Vembanad linalalamikiwa kwa taka na mafuta yanayomwagwa humo. Ufundi wa kushona mbao umenusurika, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo maji yaliyokuwa njia ya chakula yamegeuzwa sehemu ya kumwagia uchafu wa wanaokuja kutazama mandhari.

Mwalimu wa historia asiupite mfano huo haraka, kwa maana nasi tulishona vyombo. Mtepe wa pwani yetu ulishonwa vivyo hivyo, kwa kamba za nazi, na leo kinachobaki ni mifano na picha katika makumbusho. Na huku kwetu, kwenye ziwa lililo chini ya pua zetu, mitumbwi mirefu ya watu wa visiwa vya Ssese nchini Uganda ilishonwa kwa nyuzi za mimea. Ndiyo iliyokuwa jeshi la majini la Kabaka Mutesa alipofikiwa na Stanley mwaka 1875. Mashua za mbao za Ziwa Victoria bado huitwa sesse na wavuvi, ijapokuwa siku hizi zimepigiliwa misumari na kubandikwa injini nyuma. Kwa hiyo mtoto wa Busia anayetaka kukiona chombo cha jadi hana haja ya kupanda mabasi matatu. Basi moja la kushuka Port Victoria au Sio Port linatosha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye usiku wangu wa pili.

Kabla ya kuhamishiwa mjini nilifundisha katika shule moja ya Bunyala, karibu na mahali mto Nzoia unapoingia ziwani. Mwaka 2008 nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ambaye alilala darasani. Hakuwa akisinzia kwa kujiiba, kama wengine wafanyavyo nyuma ya vitabu. Alilala kabisa, kichwa juu ya dawati, mate yakimtoka, tena katika kipindi cha kwanza. Nilimwonya. Nilimsimamisha nje hadi kengele ya mapumziko. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, na siku moja nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Hakunijibu hata mara moja. Muhula wa tatu hakurudi, nami nikakata jina lake kwenye rejista kwa kalamu nyekundu, nikaendelea na kazi.

Miaka mitatu baadaye, sokoni Busia, nikasikia naitwa, "Mwalimu! Mwalimu!" Alikuwa yeye, amekuwa mwanamume, amesimama karibu na magunia ya omena yaliyokuwa yakingojea kuvushwa ng'ambo. Alinisalimia kwa heshima iliyonitia haya. Katika kuzungumza nikamuuliza, kwa upumbavu wa mtu aliyezoea kuuliza maswali, kwa nini aliacha shule. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuiacha. Nilikuwa nikifika nikiwa nimeshafanya kazi ya siku nzima." Kisha akanialika niende naye ziwani usiku mmoja nikaone. Nikaenda.

Omena huvuliwa gizani. Jambo hilo ni rahisi kuandika ubaoni, nami nililiandika miaka mingi bila kulielewa. Mwezi ukiwa mpevu, ule ule uliotupendezea Lamu, wavuvi wa omena hukaa nyumbani na watoto wao hula mboga, kwa sababu samaki hao hufuata taa na mwanga wa mwezi huishinda taa. Usiku wa giza ndio usiku wa riziki. Tuliondoka jua likizama, watu wanne wa kazi na mimi wa tano ambaye si wa kazi. Tukazishusha taa za karabai majini, kila moja juu ya chelezo chake. (Siku hizi wengi wametia taa za nguvu ya jua, na mafuta ya taa yamepungua.) Kisha tukangoja. Wadudu wa ziwani walikuja kwa maelfu wakaingia masikioni na midomoni. Ulipopita muda, wavu ukazungushwa polepole kuizingira taa ya kwanza, ukavutwa, na omena wakaonekana waking'aa kama fedha iliyomwagwa. Halafu taa ya pili. Halafu ya tatu. Hakuna aliyelala. Katika usiku mzima sikumwona mtu akifunga macho kwa muda wa kukariri aya moja. Mikono yangu, iliyozoea chaki, ilichubuka nilipojaribu kusaidia kuvuta, hata nikaombwa kwa upole niketi.

Kiasi cha saa tisa, saa ile ile ya Lamu, upepo ukageuka. Wale wasiolijua Ziwa Victoria hudhani ziwa ni bwawa kubwa. Lina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 68,800, na hiyo sehemu yetu ya Kenya, ambayo ni takriban asilimia 6 tu, inatosha kumzika yeyote. Mawimbi yakaanza kuingia mashuani. Wawili wakashika makasia kuielekeza mbele, wengine wakafua maji kwa kibuyu cha plastiki kilichokatwa nusu. Chomboni mlikuwa na jaketi moja tu la kuokoa maisha. Yule kijana akalitoa chini ya ubao, akanivika mimi kifuani, akanifungia kamba zake mwenyewe kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vikitetemeka. Hakusema lolote. Nilitaka kumwambia alivae yeye, lakini kusema kweli sikulivua.

Tulifika ufuoni asubuhi. Akina mama walikuwa wameshapanga ndoo na makarai, bei ikaanza kubishaniwa kabla mashua haijaburutwa nchi kavu. Nikahesabu saa: ilikuwa imesalia saa moja na dakika chache kabla ya kipindi cha kwanza katika shule ile niliyokuwa nikifundisha.

Sasa turudi kwenye swali. Waandishi wa makala za utalii hujibu kwa kupima kitanda, chakula na mandhari, na kwa vipimo hivyo usiku wa Lamu unafaa na usiku wa Bunyala haufai hata kidogo. Mimi ni mwalimu, napima vinginevyo. Nasema kwamba usiku wa chomboni una faida kwa yule anayekubali kukesha na wenye chombo, akauliza chombo kinafanya kazi gani, kilifanya kazi gani zamani, na nani hulipwa kiasi gani asubuhi. Anayekwenda kulala tu, ni afadhali akalale nyumbani, kitanda hakiyumbi. Na tusijidanganye kwamba makao ya usiku yanayotembea ni jambo la kigeni kwetu. Pale Malaba madereva hulala katika vichwa vya malori yao mwaka mzima. Mwezi Mei 2020, kila dereva alipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ilienea makumi ya kilomita, na watu walipika, wakafua na kuugua kando ya barabara. Sijasikia mwalimu yeyote akipendekeza wanafunzi wakalale humo wapate kujionea. Labda ni kwa sababu lori halina tanga.

Mwalimu wetu kijana aliposikia haya alinijibu vizuri, nami sina budi kuandika jibu lake. Alisema kwamba nawanyima watoto uzuri. Alisema mtoto wa Busia aliyekulia kwenye vumbi la malori ana haki ya kuuona mji wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na kwamba si kila safari ni lazima iishe kwa machozi. Ana haki kusema hivyo. Kama shule ingekuwa na pesa ningekuwa wa kwanza kupanda basi, na ningewaamsha wanafunzi saa tisa wakamsikilize nahodha. Lakini tunazungumzia wazazi wanaouza ndizi, mitumba na omena sokoni, ambao karo ya muhula huu wengine bado hawajaimaliza.

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimefika na pendekezo langu, ambalo niliona ni la busara sana: badala ya Lamu, wanafunzi washuke Port Victoria, wagawanywe katika mashua, wakeshe na wavuvi usiku mmoja. Mama mmoja kutoka Samia akasimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, mume wangu alikwenda usiku mmoja kama huo. Mashua ilirudi." Akakaa. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa MV Bukoba ya mwaka 1996 wala MV Nyerere ya mwaka 2018, ambapo mamia waliangamia katika ziwa hili hili, tena katika meli na kivuko, si katika mashua ya mbao yenye jaketi moja. Nilibaki nimeshika karatasi yangu. Mimi niliyevishwa jaketi lile, ndiye niliyekuwa nikitaka kuwapeleka watoto arobaini mahali ambapo hata jaketi la pili halikuwapo.

Pendekezo hilo nimelifuta. Lililobaki, na ambalo kamati imelikubali, ni dogo zaidi. Tutafika ufuoni alasiri, wanafunzi wazitazame mashua zikiandaliwa, wapime urefu wa wavu, waulize gharama ya taa na namna mapato yanavyogawanywa baina ya mwenye mashua na wavuvi. Watazame zikiondoka mpaka taa zionekane kama mji ng'ambo ya maji. Watalala katika shule moja ya jirani, si majini. Saa kumi na moja alfajiri watakuwa ufuoni tena, mashua zinaporudi. Watauona pia mstari wa nyumba na miti iliyomezwa ziwa lilipofurika mwaka 2020, ambao ni somo la jiografia lisilohitaji ramani. Haiwezekani kabla ya muhula wa tatu, kwani kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaane, na ni lazima tarehe iangukie siku za giza. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kazi nimeipanga ratiba ya shule kwa kuutazama mwezi.

Nimempigia simu yule kijana, ambaye sasa ana mashua yake mwenyewe na watoto wawili shuleni. Akaniuliza ni wanafunzi wangapi, nikamwambia arobaini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo watakuja na daftari au na makarai, kwa kuwa asubuhi mikono huwa haitoshi. Nikamjibu waje na vyote viwili. Akasema sawa, ila nisiwaruhusu kuvaa viatu vya shule, na wale watakaosinzia darasani Jumatatu yake niwaache walale.